Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua kizalishaji cha trafiki kabla hujaidhinisha usanifu wa mtandao

Mtandao wa kwanza nilioubuni mwenyewe niliukabidhi kwa jaribio moja tu. Laptopu moja upande huu wa ruta, nyingine upande wa pili, iperf3 (programu inayotuma trafiki ya majaribio na kupima kasi) kwa sekunde kumi. Skrini ikaandika megabiti 941 kwa sekunde. Nikapiga picha ya skrini, nikaibandika kwenye ripoti, mteja akasaini. Jumatatu watu walipoingia kazini simu za mezani zikaanza kukwaruza. Mtu mmoja akipakua faili kubwa, mwenzake anayeongea na tawi anasikika kama yumo ndani ya pipa.

Ile 941 ilikuwa namba ya kweli. Laini ya gigabiti moja ikibeba TCP (itifaki inayohakikisha kila pakiti imefika) kwa pakiti kubwa, kila fremu inakula nafasi ya baiti 1538 kwenye waya na ndani yake data halisi ni baiti 1448. Gawanya, utapata asilimia 94 na kidogo. Karibu ruta yoyote nzima ya gigabiti ingetoa namba hiyohiyo. Nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na lile lililohitaji jibu, yaani simu zitakuwaje laini ikijaa, sikuligusa.

Mwongozo huu ni wa fundi anayebuni mtandao wa chuo, hospitali, SACCOS au ofisi yenye matawi, na anataka kuujaribu kwa trafiki ya kuzalisha kabla watumiaji hawajaujaribu kwa hasira.

Anza na maswali, programu itafuata

Chukua karatasi. Tuseme unabuni mtandao wa chuo: kampasi kuu yenye watu 600, tawi lililo wilaya ya jirani, laini ya 200 Mb/s kati yake, intaneti ya 300 Mb/s yenye watoa huduma wawili, simu za IP, na mfumo wa matokeo uliopangishwa kwenye seva iliyoko Ulaya. Usifungue programu yoyote bado. Andika kwanza maswali ambayo ukishayajibu utalala usingizi, na kila swali liwe na namba ndani yake.

Mimi ningeandika manne. Je, faiawali inapitisha 300 Mb/s za trafiki mchanganyiko huku ikifanya NAT (kubadili anwani za ndani kuwa anwani ya nje) na ukaguzi tuliouwasha, au inapitisha 300 za pakiti kubwa tu? Je, simu 40 za wakati mmoja kwenda tawini zinabaki safi laini ya 200 ikiwa imejaa? Laini kuu ikikatika, ni muda gani unapita kabla ya ile ya akiba kubeba mzigo? Na mtu mmoja akipakua faili kutoka Ulaya, atapata kasi gani?

Soma tena maswali hayo uone yanavyotofautiana. La kwanza linahitaji pakiti nyingi ndogo na miunganisho maelfu. La pili linahitaji trafiki mbili kwa wakati mmoja, moja ya kujaza laini na moja ya kupimwa. La tatu halitaki kasi hata kidogo, linataka mdundo usiobadilika. La nne linataka umbali. Hakuna programu moja inayoyajibu yote vizuri. Anayekuambia ipo, muulize anauza nini.

Hesabu pakiti, usihesabu megabiti peke yake

Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya mizani ya malori ya Vigwaza ataelewa hili haraka. Lori lililojaa saruji na lori tupu hutumia karibu muda uleule kupanda mizani, kusimama na kushuka. Ukitaka kujua mizani inamudu kiasi gani, unahesabu malori, huhesabu tani. Ruta na faiawali ni vivyo hivyo: kazi kubwa ni kusoma kichwa cha kila pakiti na kuamua iende wapi, na kazi hiyo ni ileile pakiti iwe na baiti 64 au 1500.

Laini ya gigabiti moja iliyojaa fremu za baiti 1518 hupitisha takriban fremu 81,000 kwa sekunde. Ijaze fremu za baiti 64, zinakuwa 1,488,095. Kwenye laini ya gigabiti 10 ni milioni 14.88. Karatasi ya mtengenezaji ikisema faiawali inapitisha gigabiti kadhaa, tafuta maandishi madogo chini ya jedwali; mara nyingi utakuta namba ile ya kupendeza ilipimwa kwa pakiti kubwa za UDP (itifaki isiyosubiri jibu), ukaguzi ukiwa umezimwa.

Hati ya RFC 2544 ya mwaka 1999, ambayo hadi leo ndiyo lugha ya pamoja ya wapimaji, inataka Etheneti ipimwe kwa saizi saba: 64, 128, 256, 512, 1024, 1280 na 1518. Inafaa kulinganisha vifaa viwili dukani. Kwa swali la "chuo changu kitapita?" ni bora mchanganyiko. Ule wa zamani unaoitwa IMIX huchukua pakiti saba za baiti 40, nne za baiti 576 na moja ya baiti 1500; wastani wake ni baiti 340. Kwa 300 Mb/s hiyo ni takriban pakiti 110,000 kwa sekunde, wakati pakiti za 1500 zingekuwa 25,000 tu. Tofauti ya zaidi ya mara nne kwa kasi ileile, na ndipo vifaa vya bei nafuu vinapopiga magoti.

Mchanganyiko bora kuliko wote ni wa mteja wako mwenyewe. Kamata trafiki ya mtandao wake wa sasa kwa tcpdump, programu ya kurekodi pakiti, saa za shughuli, baiti za mwanzo tu za kila pakiti, kisha ipitishe kwenye capinfos uone wastani wa saizi. Video ikiwa nyingi wastani utapanda, simu zikiwa nyingi utashuka.

Koo nne

Vizalishaji ni vingi, lakini ukishajua kila kimoja ni cha ukoo gani hutapotea.

Ukoo wa kwanza hutumia TCP na UDP za mfumo endeshi uleule unaotumiwa na programu za kawaida: iperf2, iperf3, netperf, na Flent inayomwendesha netperf. Uzuri wake ni kwamba TCP yake ni TCP ya kweli, inapunguza mwendo ikiona pakiti zimepotea kama itakavyofanya kompyuta ya mhasibu. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kufika mamilioni ya pakiti ndogo, kwa sababu mfumo endeshi wenyewe unachoka.

Wa pili huunda pakiti zenyewe na kuzisukuma kwa kasi unayoamuru, bila kujali mtandao unalalamika: pktgen iliyomo ndani ya Linux, Ostinato yenye madirisha na vitufe, MoonGen iliyotoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich mwaka 2015, na TRex ya Cisco ambayo ni programu huria. Hapa ndipo swali la kwanza linapojibiwa.

Wa tatu huigiza watu. SIPp hupiga simu za SIP (itifaki ya kuanzisha simu za IP) kwa mamia, k6 na JMeter hufungua kurasa za wavuti, na TRex katika hali yake ya ASTF hufungua miunganisho ya TCP kwa wingi kana kwamba kuna umati nyuma yake. Faiawali inayotunza kumbukumbu ya kila muunganisho haiwezi kupimwa kwa haki bila ukoo huu.

Wa nne ni tcpreplay, inayorudia rekodi. Nimeona watu wengi wakiitumia mahali pasipo pake. Hairudii mazungumzo, inarudia pakiti tu, bila kusubiri jibu. Ipitishe kwenye faiawali inayofuatilia TCP na mtiririko utavunjika mapema. Kazi yake halisi ni kulisha mfumo wa kugundua uvamizi kama Suricata, au kuona kama takwimu za NetFlow zinakusanywa. Na kumbuka rekodi ile ina barua na nywila za watu. Usitembee nayo kwenye flashi.

Kuna pia D-ITG ya Chuo Kikuu cha Napoli Federico II na MGEN ya maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Kama unaandika tasnifu na msimamizi wako anataka nafasi kati ya pakiti zifuate mgawanyo fulani wa kitakwimu, hizo ndizo zako. Fundi wa kawaida anaweza kuzipita.

iperf, kwa sababu ndiyo utakayoanza nayo

iperf2 na iperf3 si kaka na mdogo wake. Ni programu mbili tofauti, hazisikilizani, na zote zinatunzwa hadi leo. iperf3 iliandikwa upya na ESnet, mtandao wa maabara za utafiti za Marekani. Hutumia poti 5201, mwenzake hutumia 5001. Mitego ya iperf3 ninaijua kwa kuingia mmoja baada ya mwingine.

Ukiandika -u bila kutaja kasi, itatuma UDP kwa 1 Mb/s tu, na fundi mgeni atadhani laini imekufa. Kasi unayoiweka kwa -b huhesabu mzigo wa ndani, haihesabu vichwa vya pakiti. Ukiwa na pakiti ndogo, waya unabeba zaidi ya ulichoandika. Kabla ya toleo la 3.16, hata ukiomba mitiririko minane kwa -P 8, yote ilibanana kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo kwenye laini ya gigabiti 10 na kuendelea angalia toleo kwanza. Na seva moja hupokea jaribio moja kwa wakati mmoja. Ukitaka mawili kwa pamoja, washa seva mbili kwenye poti tofauti.

Tumia -R kupima upande wa kurudi, kwa sababu laini zinazopita vizuri kwenda na kukwama kurudi ni nyingi kuliko unavyodhani. Tumia -O 3 kutupa sekunde tatu za mwanzo wakati TCP bado inapanda mlima. Kwa uchelewaji wa njia moja, iperf3 haikusaidii. Iperf2 inao kwa --trip-times, mradi saa za kompyuta zote mbili zimeoanishwa. NTP (njia ya kawaida ya kuoanisha saa) ya kupitia intaneti hukosea kwa milisekunde, hivyo kwa laini fupi unahitaji PTP iliyo sahihi zaidi, au uridhike na muda wa kwenda na kurudi.

Simu 40 kwenye laini iliyojaa

Hili ndilo jaribio lililonishinda siku ile, kwa hiyo nitalikalia.

Simu ya G.711 (mfumo wa kawaida wa kusimba sauti) hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 12 za kichwa cha RTP, itifaki inayobeba sauti. Ongeza vichwa vya UDP, IP na Etheneti, unapata baiti 218, yaani 87.2 kb/s kila upande. Simu 40 ni kama 3.5 Mb/s na pakiti 2,000 kwa sekunde. Kwenye laini ya 200 Mb/s hiyo ni chembe. Kinachoumiza simu ni kusimama kwenye foleni nyuma ya upakuaji wa mtu mwingine.

Weka kompyuta mbili kila upande wa laini. Tawini washa seva mbili, ya sauti kwa iperf3 -s -p 5201 na ya mzigo kwa iperf3 -s -p 5202. Kampasi kuu, anzisha sauti:

iperf3 -c 10.20.0.5 -p 5201 -u -P 40 -b 68800 -l 172 --dscp 46 -t 120

Hapo 172 ni sauti pamoja na RTP, na 68800 ni mzigo wa simu moja bila vichwa. Namba 46 ni alama ya EF, ile ambayo usanifu wako umeahidi kuipa kipaumbele. Iache sekunde 30 peke yake, kisha kwenye kompyuta ya pili anzisha mzigo wa TCP:

iperf3 -c 10.20.0.6 -p 5202 -P 8 -t 60

Wakati huohuo endesha ping -Q 184, ambayo hubeba alama ileile ya EF, na nyingine ya kawaida. Tazama mambo matatu kabla na baada ya mzigo kuanza: pakiti za sauti zilizopotea, kuyumba kwa uchelewaji, na tofauti kati ya ping mbili. Zote mbili zikipanda pamoja, kipaumbele ulichochora kwenye karatasi hakipo kwenye laini. Ama alama inafutwa na swichi njiani, ama mtoa huduma ana foleni yake mbele ya ruta yako na haijali alama zako. Tiba ya hili la pili ni kuibana ruta yako itume chini kidogo ya 200, ili foleni ikae kwako ambako una mamlaka nayo. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu siku ile: sauti na upakuaji vyote vilisimama kwenye foleni moja ndefu upande wa mtoa huduma.

Mapendekezo ya ITU, G.114, yanataka uchelewaji wa njia moja kwa sauti usizidi milisekunde 150. Laini yenye bafa (nafasi ya pakiti kusubiri zamu) kubwa mno inaweza kula zote hizo peke yake. Ukitaka jaribio lililopangwa tayari kwa ugonjwa huu wa mabafa, tumia Flent na jaribio lake la RRUL: hufungua mitiririko minne kwenda na minne kurudi, yenye alama tofauti, huku ikipima uchelewaji, kisha inakuchorea grafu. Grafu hiyo humwelewesha mkurugenzi wa fedha zaidi kwa dakika moja kuliko maelezo yangu ya nusu saa.

Kukatika kwa laini

Swali la tatu halihitaji mashine kubwa. Tuma pakiti 1,000 kwa sekunde, bila kuchoka. Kila pakiti iliyopotea ni milisekunde moja ya giza. Zikipotea 2,300, uhamaji ulichukua sekunde 2.3. Hapa napendelea iperf2, kwa sababu iperf3 hutegemea muunganisho wa TCP wa kudhibiti jaribio, na giza likiwa refu muunganisho huo hufa na jaribio lote nao.

iperf -c 10.20.0.5 -u -l 100 -b 1000pps -t 180

Sasa ng'oa kebo. Ing'oe kweli kwa mkono. Kuzima poti kwa amri ni jaribio jingine. Kisha fanya lile linalosahauliwa: acha kebo ikiwa imechomekwa kwenye kifaa cha mtoa huduma, lakini kata mbele yake. Taa ya poti yako itabaki ya kijani, na ruta inayotegemea taa peke yake itaendelea kutuma pakiti shimoni. Kukatika kwingi ninakokutana nako ni kwa namna hii ya pili. Pima pia laini inaporudi, maana baadhi ya usanifu huhama vizuri na kurudi vibaya.

Jaribio hili ni kwa njia ya tawi. Kwa intaneti yenye NAT, ukihamia kwa mtoa huduma mwingine anwani ya nje hubadilika, na mazungumzo yaliyokuwa wazi hukatika hata kama ruta imehama kwa haraka ya ajabu. Hilo mwambie mteja mapema.

TRex, pale iperf inapochoka

Kwa swali la faiawali utahitaji seva ya Linux yenye kadi ya mtandao inayokubaliwa na DPDK (maktaba inayoiruhusu programu kuendesha kadi moja kwa moja), kama Intel X520 au X710, au Mellanox ConnectX. Kadi za X520 zilizotumika hupatikana bila kuvunja benki. Laptopu yenye kiunganishi cha USB haitafaa, usihangaike. Unahitaji poti mbili: trafiki inatoka moja, inapita kwenye faiawali, inarudi kwenye ya pili.

Onyo: DPDK ikichukua kadi ya Intel, Linux haiioni tena. Ukiichukua ile uliyoingilia kwa SSH, utajikuta unatafuta funguo za chumba cha seva usiku. Kuna skripti ya dpdk_setup_ports.py, iendeshe kwa -i, itakuuliza poti kwa poti. Soma kila mstari kabla ya kubonyeza.

Anza na hali isiyotunza miunganisho: ./t-rex-64 -i, kisha kwenye trex-console anzisha start -f stl/imix.py -m 10% na upande polepole, ukiangalia ni wapi pakiti zinaanza kupotea. Hiyo inakupa uwezo wa kusukuma tu. Baada yake nenda ASTF, ambako kila muunganisho unafunguliwa na kufungwa, na utazame namba mbili ambazo karatasi za mauzo huzificha nyuma: miunganisho mipya kwa sekunde, na miunganisho iliyo wazi kwa pamoja. Watu 600 wenye simu mkononi na laptopu mezani hufungua miunganisho mingi hata wakiwa wamekaa kimya. Washa ukaguzi wa virusi na wa tovuti kama utakavyokuwa siku ya kazi, kisha pima upya.

Vifaa vya kununua vya Ixia, ambayo tangu 2017 ni mali ya Keysight, na vya Spirent, vinafanya haya yote kwa saa za maunzi zenye usahihi ambao seva haifikii. Kwa mtandao wa chuo si lazima. Mkataba ukidai cheti cha RFC 2544 au Y.1564, kodisha kwa siku mbili na umwandikie mteja gharama hiyo.

Umbali

Maabarani Ulaya iko mita mbili kutoka mezani kwako, na kila kitu kinaruka. TCP haipendi umbali. Kama safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150 na dirisha la kupokea (data inayoruhusiwa kuwa njiani kabla ya jibu) ni kilobaiti 64, mtiririko mmoja hautavuka 3.5 Mb/s hata ukinunua laini ya gigabiti. Ili mtiririko mmoja ujaze 300 Mb/s kwa umbali huo, baiti milioni 5.6 lazima ziwe njiani muda wote.

Igiza umbali kwa netem, iliyomo ndani ya Linux. Tumia kompyuta ya tatu yenye kadi mbili, ikae katikati kama daraja. Usiiweke kwenye kompyuta inayozalisha trafiki, maana inaingiliana na TCP yake. Kwenye kila kadi:

tc qdisc add dev enp2s0 root netem delay 75ms limit 10000

Usiiache ile limit. Bila kuitaja, netem hushika pakiti 1,000 tu. Kwa 300 Mb/s na milisekunde 75, pakiti 1,875 za baiti 1500 zinapaswa kuwa njiani, kwa hiyo zinazozidi zitatupwa kimyakimya na utalaumu faiawali isiyo na kosa. Mimi nilimlaumu fundi wa faiba kwa siku nzima.

Ongeza kisha upotevu mdogo, loss 0.1%, uone mtiririko mmoja unavyoporomoka. Rudia na uchelewaji mara mbili ya ule wa kawaida. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na watu wa pwani hii wakajua maana ya trafiki kusukumwa kwenye njia zilizobaki. Mfumo wa matokeo unaofanya maombi 80 ya kupokezana kufungua ukurasa mmoja utavumilia milisekunde 30, lakini kwa 300 utasubiri sekunde 24.

Maabara pepe, na mizani yenyewe

GNS3, EVE-NG na Containerlab, programu za kuigiza mtandao mzima ndani ya kompyuta, ni nzuri kujibu kama OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kutafuta njia, itachagua njia uliyotaka. Kasi usiipime humo. Ruta pepe ya MikroTik, CHR, ikiwa na leseni ya bure hubana kila poti kwa 1 Mb/s. Nimepokea ripoti ya kijana mmoja aliyehitimisha kwamba usanifu wake mzima una uwezo wa 1 Mb/s. Na kwenye ruta halisi za MikroTik, usianzishe Bandwidth Test kwenye ruta ileile unayoipima, kwa sababu prosesa yake itakuwa inazalisha trafiki na kuipitisha kwa wakati mmoja. Trafiki ianzie nje ya kifaa na iishie nje ya kifaa.

Kwa sababu hiyohiyo, pima kizalishaji kabla ya mtandao. Unganisha kompyuta zako mbili kwa kebo moja, bila kitu katikati, na uendeshe jaribio lilelile utakalolifanya. Zikishindwa kufika kasi unayoitaka hapo, hazitaifikia popote. Angalia kiini kimoja cha prosesa kisiwe kimefika asilimia 100, laptopu iwe kwenye umeme na si kwenye betri. Namba ya kebo tupu iandike juu kabisa ya ripoti.

Mahali, saa, na ruhusa

Usipime kwa nguvu kwenye mtandao unaofanya kazi. RFC 6815 iliandikwa mwaka 2012 kusema hivyo tu kuhusu majaribio ya RFC 2544, kwa sababu watu hawakusikia mara ya kwanza. Maabarani tumia anwani za 198.18.0.0/15 zilizotengwa kwa upimaji, ili kitu kikivuja kisiende kwa mtu. Ikibidi kupima laini hai, kama ile ya tawi, omba kibali cha maandishi kwa mwenye mtandao na kwa mtoa huduma, na chagua saa za usiku. Kumwaga trafiki kwenye mtandao wa mwingine bila idhini kunaweza kukupeleka mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 Tanzania, au sheria ya 2018 Kenya, na maelezo kwamba ulikuwa unafanya jaribio hayatakusaidia sana.

Kurudia na kuandika

Kila jaribio lifanye angalau mara tano, kila mara sekunde 60 au zaidi. Andika ya katikati, ndogo na kubwa. Wastani peke yake huficha ile mara moja mbaya ambayo watumiaji wataikumbuka. iperf3 ikipewa -J hutoa matokeo kwa JSON, yahifadhi yote. Kando yake weka toleo la programu, toleo la mfumo wa faiawali, usanidi uliokuwa umewashwa, tarehe na saa.

Mwishoni mwa ripoti mimi huweka ukurasa mmoja wenye amri zote kama zilivyopigwa, na mchoro wa kebo gani ilichomekwa poti gani. Miezi sita baadaye mtu atasasisha mfumo wa faiawali na simu zitaanza kukwaruza tena. Fundi atakayeitwa siku hiyo, awe mimi au mwingine, atachukua ukurasa ule, atarudia jaribio la simu 40, na ndani ya dakika tano atajua kama ni foleni imerudi.